Milango ya Mtwara

Bandari ya Mtwara ilikamilika mwaka 1954, wakati mzigo iliyojengewa ulikuwa umefutwa miaka mitatu nyuma. Mzigo wenyewe ulikuwa karanga. Uingereza ilitoka kwenye Vita vya Pili vya Dunia ikiwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, na mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ukapendekeza kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu za pori la Afrika ya Mashariki, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika, zilimwe karanga kwa matrekta. Kongwa, Urambo na Nachingwea zikachaguliwa. Nachingwea ilipata mvua nzuri kuliko Kongwa, lakini haikuwa na njia ya kufikia bahari. Ikaamuliwa ijengwe reli, na reli ikatafutiwa ghuba yenye kina. Ghuba hiyo ikawa Mtwara, yenye maji marefu hadi karibu na ufuko na rasi ya Msangamkuu ya kuikinga na mawimbi. Mikindani, mji wa kale ulio mwendo wa saa chache kwa miguu, ukapitwa, kwa kuwa mlango wake wa bahari ni mwembamba na haupitishi meli kubwa. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango huo baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36. Ujenzi wa gati ulikuwa umeshafika mbali, nao ukaendelea mpaka ukaisha. Reli ya Nachingwea, pamoja na tawi lake la kuelekea Masasi, ilihangaika kutafuta mzigo kwa miaka michache, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa.

Habari hii husimuliwa mara nyingi kama kisa cha ujinga wa wakoloni, na ujinga ulikuwepo. Kwa mwanahistoria wa uchumi wa Kusini, hata hivyo, ina funzo lililo karibu zaidi na nyumbani. Husemwa kwamba Mtwara imebaki nyuma kwa sababu ilisahauliwa. Ukiipitia karne moja na nusu iliyopita utaona kuwa ilikumbukwa mara nyingi, na mara kadhaa ilikumbukwa kwa fedha nyingi. Mwaka 1998 Pekka Seppälä na Bertha Koda walihariri kitabu kuhusu kusini-mashariki mwa Tanzania, na jina lake lilitamka wazi kwamba pembezoni hutengenezwa. Nakubaliana nao, na ningependa kuonyesha inavyotengenezwa: kila mara Kusini ilipokumbukwa ilifunguliwa mlango mmoja, kwa zao moja, mnunuzi mmoja au bomba moja, na milango iliyokuwa wazi kabla ya hapo ikafungwa au ikaachwa ioze. Eneo hushindana na maeneo mengine pale watu wake wanapoweza kuuza kwa zaidi ya mnunuzi mmoja, kupeleka mzigo kwa zaidi ya njia moja, na kubadili wanachouza soko linapogeuka. Wingi wa mali iliyo chini ya ardhi au juu ya miti hautoshi. Mtwara imekuwa na mali wakati wote.

Tuanzie Mikindani ya karne ya 19. Pwani kutoka Kilwa hadi mdomo wa Ruvuma imekatwakatwa na hori na ghuba: Lindi, Sudi, Mikindani, Mnazi, kisha ng'ambo ya mto Kionga na Tungi. Kila moja ilipokea majahazi, na kila moja ilikuwa na njia yake ya kupanda kwenda bara. Kaskazi ilileta vyombo na kusi ikavirudisha. Wamakonde wa uwandani walishuka na sandarusi, nafaka na ufuta, na baadaye mpira wa porini. Misafara ya Wayao ilileta pembe za ndovu kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Wafanyabiashara wa Kihindi walikopesha nguo na shanga, nao mawakala wa Sultani wa Zanzibar wakakusanya ushuru. Mikindani haikuwa bandari kubwa ya pwani hiyo, kwani Kilwa iliizidi mbali, lakini msafara ambao haukuridhika na bei ya Kilwa uliweza kukata kwenda Lindi, na ambao haukuipenda Lindi ukashuka Mikindani au ukavuka Ruvuma. Kwa kuwa wachukuzi walitembea kwa miguu na majahazi yangeweza kutia nanga popote penye hori, hakuna mji hata mmoja ulioweza kuwafungia wengine njia.

Walikuwepo tangu zamani walioona kwamba mlango mmoja mkubwa ungefaa zaidi. David Livingstone alikuwa mmoja wao. Mwaka 1861 na tena 1862 alijaribu kuupanda Mto Ruvuma kwa chombo, akitumaini kupata njia kuu ya maji ya kuingiza biashara hadi Ziwa Nyasa bila kupitia himaya ya Wareno. Mto ukamkatalia. Mchanga wake huhama, maji yake hupungua mno wakati wa kiangazi, na juu zaidi kuna miamba. Aliporudi Machi 1866 kwa safari yake ya mwisho aliteremka Mikindani, akaondoka kwa miguu na wanyama wake kama misafara ilivyokuwa ikifanya siku zote. Mto ambao ramani iliuonyesha kama barabara kuu haukuwa na faida ya namna hiyo, wakati vijia vingi visivyoandikwa kwenye ramani vilibeba biashara yote ya eneo hilo.

Hapa lazima nijibu pingamizi zito kuliko yote. Biashara hiyo yenye milango mingi ilisafirisha watu pia. Pwani ya kusini ilikuwa kitovu cha biashara ya utumwa ya Afrika ya Mashariki, na wingi wa hori zake ndio uliowasaidia wauzaji wa binadamu kukwepa manowari za Waingereza hata baada ya mkataba wa 1873 uliomlazimisha Sultani Barghash kufunga masoko ya watumwa. Mtu asiusifu ushindani wa Mikindani kana kwamba ulikuwa jambo safi. Watu wa bara ya Ruvuma waliulipia kwa vijiji vilivyochomwa na watoto waliopotea, na wengi wa waliopanda juu ya uwanda wa Makonde, mahali pasipo na maji ya juu ya ardhi, walikimbilia huko kwa sababu vichaka vyake vizito viliwaficha na wateka watu. Lakini tazama kilichofuata baada ya njia za utumwa kubanwa. Katika muda mfupi watu wale wale wa uwandani walianza kugema mpira wa porini na kuushusha Lindi na Mikindani, na zao ambalo halikuwa na uzito wowote likawa miongoni mwa bidhaa kubwa za pwani hiyo. Hakuna serikali iliyowapangia. Walikuwa na wanunuzi kadhaa waliogombania mzigo, wakaitikia bei. Milango mingi haimfanyi mtu kuwa mwema, na biashara inayouza watu haiponywi kwa ushindani, hukomeshwa kwa sheria. Ila kwa bidhaa halali, nguvu ya eneo ilionekana pale.

Wajerumani walianza kuifunga milango hiyo. Agosti 1888 kampuni yao ilipojaribu kuchukua forodha za pwani kutoka kwa Sultani, miji ya kusini iliinuka sawa na Pangani na Bagamoyo, na maofisa wa kampuni wakafukuzwa. Mei 1890 majeshi ya Wajerumani chini ya Wissmann yakaichukua Kilwa, kisha Lindi, kisha Mikindani. Boma la Mikindani, ambalo bado limesimama juu ya mji, ni la 1895. Mwaka mmoja kabla yake Wajerumani walikuwa wameinyakua Kionga kutoka kwa Wareno ili mdomo wa Ruvuma uwe wao pande zote mbili. Wareno waliirudisha mwaka 1916 na ikathibitishwa kuwa yao katika makubaliano ya Versailles mwaka 1919. Kwa mkulima au mchuuzi wa mdomo wa mto, maana ya michoro hiyo ilikuwa kwamba kuvuka, jambo alilolifanya maisha yake yote, sasa kuliitwa magendo. Machemba, kiongozi wa Wayao wa Luagala, aliyeishi kwa biashara ya misafara na kwa miaka mingi akakataa kuinama kwa Wajerumani, mwishoni alivuka mto na watu wake mwaka 1899. Mlango wa ng'ambo ulikuwa bado na kazi yake, japo sasa ulikuwa wa kutorokea.

Kutoka hapo naruka hadi kwenye karanga, kwa sababu katikati hakuna badiliko kubwa la mwenendo: mkonge kidogo Lindi na Mikindani, kodi, wanaume kwenda manamba, na jimbo ambalo lilikatika na Dar es Salaam kila masika Rufiji ilipofurika. Lililo muhimu kwa miaka ya Mpango wa Karanga ni jambo ambalo wapangaji hawakulitazama sana. Wakati matrekta yakivunjikia kwenye visiki vya Nachingwea, wakulima wa Newala, Masasi na Mikindani walikuwa wanapanda mikorosho. Mti huo uliletwa Afrika ya Mashariki na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16, na kwa muda mrefu ulikuwa mti wa kivuli na mabibo. Unakubali mchanga usiokubali kitu kingine, unavumilia kiangazi, na unaweza kupandwa shambani pamoja na mihogo na kunde mpaka uinuke. Soko lake lilikuwa Kerala, India, ambako wanawake walibangua kwa mkono kwa ustadi ambao mashine hazikuufikia, na viwanda vyao vilihitaji malighafi kuliko India ilivyoweza kuvuna. Korosho ya Kusini ilikuwa na bahati ya majira: huvunwa kuanzia Septemba au Oktoba, wakati maghala ya Wahindi yamekwisha na mavuno ya Afrika ya Magharibi bado miezi mingi. Wafanyabiashara wa Kihindi wa Lindi, Mikindani na Masasi walinunua, baadaye vyama vya ushirika vikaingia, na gati lililojengwa kwa ajili ya karanga likapata kazi ya kupakia magunia ya korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000, sehemu kubwa kutoka Mtwara na Lindi, ikiwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani. Mpango uliogharimu mamilioni ya pauni ulishindwa, na zao lililopandwa kwa jembe la mkono, familia kwa familia, likajaza bandari.

Miaka 13 baadaye mavuno yalikuwa tani zipatazo 16,500. Anguko la kiasi hicho haliwezi kuwa na sababu moja, na ni haki kuzipima zote. Ugonjwa wa ubwiriunga, unaofunika maua kwa unga mweupe na kuyakausha kabla hayajashika tunda, ulitambuliwa rasmi mwishoni mwa miaka ya 1970 na ukaenea kwa kasi. Yapo pia ya usalama, ambayo wachumi huyasahau: kuanzia 1964 hadi 1974 Kusini ilikuwa uwanja wa nyuma wa vita vya ukombozi wa Msumbiji. FRELIMO, chama kilichopigana vita hivyo, ilifunza wapiganaji wake Nachingwea, wakimbizi walivuka Ruvuma kwa maelfu, na vijiji vya mpakani viliishi kwa hofu ya Wareno. Mkoa huu ulilipia uhuru wa jirani kwa gharama ambayo haijawahi kuandikwa kwenye hesabu ya maendeleo yake, na asingekuwepo mwekezaji wa kujenga kiwanda mahali penye mabomu. Mtu anaweza basi kusema kwamba ugonjwa na vita vinatosha kueleza anguko, na nadharia yangu ya milango haihitajiki.

Lakini uzalishaji ulipanda mpaka kileleni katika miaka ile ile ya vita, ukaanguka baada ya amani kurejea. Na ugonjwa ulikuta miti imeshaachwa. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970 wakazi wa Mtwara walihamishiwa kwenye vijiji vya pamoja, mapema kuliko mikoa mingi, na mikorosho ikabaki mbali na nyumba mpya, bila kupaliliwa, ikiungua kila moto wa porini ulipopita. Kisha ununuzi wote ukawekwa chini ya Mamlaka ya Korosho, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa kabisa. Mkulima aliyekuwa na mwenye duka, ushirika na mchuuzi wa ng'ambo akawa na dirisha moja, lililolipa sehemu ndogo ya bei ya nje na mara nyingi kulipa kwa kuchelewa. Hakuhitaji kugoma. Aliacha tu kufyeka chini ya mti, akalima mihogo. Ubwiriunga ulimaliza kazi ambayo bei ilikuwa imeianza, na ushahidi wa hilo ni kwamba dawa ilipopatikana pamoja na bei nzuri, miti ile ile iliyozeeka ilirudi kuzaa.

Viwanda vya kubangua ni sura ya uchungu zaidi ya habari hii. Wazo lenyewe lilikuwa sahihi, na bado ni sahihi: kuuza korosho ghafi ni kuwauzia wengine kazi ya vijana wako. Kwa mikopo, ikiwemo ya Benki ya Dunia, Tanzania ilijenga viwanda 12 vyenye uwezo wa kubangua jumla ya tani 113,000 kwa mwaka, katika miji kama Mtwara, Newala, Masasi, Mtama, Nachingwea na Tunduru. Vilipokamilika, taifa zima halikuwa na korosho za kuvishibisha hata nusu. Mashine zake zilizoagizwa kutoka Italia na Japani zilivunja punje nyingi, na punje iliyovunjika hulipwa kidogo sana. Vipuri vilihitaji fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo. Baadhi havikubangua gunia hata moja, na baada ya ubinafsishaji vingi vikawa maghala ya korosho zile zile zinazosubiri meli. Kiwanda kilichowekwa mbele ya mkulima kama mnunuzi pekee kinaelea juu ya uvumilivu wa mkulima huyo, na uvumilivu huo ulikuwa umekwisha. Nani angepaswa kutangulia? Nadhani wabanguaji wadogo, wanawake wa Newala na Masasi ambao hadi leo hubangua kwa mkono na kuuza korosho za pakiti barabarani, wangekuwa chanzo cha ustadi kama walivyokuwa wenzao wa Kerala. Hawakuhesabiwa kuwa kiwanda.

Kilichoinua Kusini tena kilitoka karibu. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, kilithibitisha katika miaka ya 1980 kwamba unga wa salfa ukipulizwa kwenye maua kwa wakati wake huzuia ubwiriunga, kisha watafiti wake wakatoa miche bora na kufundisha wakulima kubebesha mikorosho ya zamani vikonyo vipya. Biashara ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanunuzi binafsi wakarudi, na msimu wa 1999/2000 mavuno yalipita tani 120,000. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, la mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003, na kwa mara ya kwanza lori lingeweza kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam bila kusubiri pantoni. Hapa namjibu anayedhani ninapinga ujenzi mkubwa. Sipingi. Daraja hutumiwa na mwenye lori, mwenye basi, mwuza samaki wa Msimbati na mwanafunzi, na kila mmoja hulitumia kwa sababu zake. Reli ya karanga ilikuwa ya mteja mmoja, na mteja alipokufa nayo ikafa. Tofauti hiyo ningetaka ipimwe kabla ya kupima ukubwa wa mradi.

Pingamizi la pili linatoka kwa wakulima wenyewe na wanaushirika, nao wana ushahidi. Soko huria la miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 lilizaa kangomba: mchuuzi anayemkopesha mkulima fedha katika miezi ya njaa, kisha anachukua korosho kwa kibaba kabla hazijakauka vizuri, kwa bei aliyoipanga yeye. Wanunuzi wengi kwenye karatasi waliweza kuwa wachache kijijini, na mara nyingine walikubaliana. Ndiyo maana mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza Mtwara msimu wa 2007/08, ulipokewa na wengi: mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, unahifadhiwa ghalani, unauzwa kwa mnada kwa jumla. Nakubali kwamba uhuru wa mtu mmoja mmoja mbele ya mkopeshaji ni jina tu. Lakini tazama mfumo huo ulipong'aa na ulipozimika. Uling'aa msimu wa 2017/18, wakati wanunuzi wa Vietnam na India waligombania mzigo kwenye minada, mavuno yakapita tani 313,000 na kilo ikafika zaidi ya shilingi 4,000. Ulizimika pale wanunuzi walipokuwa wachache au malipo yalipochelewa: mwaka 2013 Liwale palichafuka kwa ghasia za wakulima ambao hawakulipwa walichoahidiwa. Mnada ni mlango mmoja unaofungua milango mingi kwa ndani, na una thamani kadiri wanaoingia wanavyokuwa wengi. Novemba 2018 wanunuzi walipotoa bei ya chini, Serikali iliamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulituma jeshi kusomba korosho. Nia ya kumlinda mkulima ilikuwa ya kweli. Matokeo yake yalikuwa kwamba kwa msimu mzima alibaki mnunuzi mmoja, uhakiki ukawachelewesha wengi kulipwa, na wanunuzi wa nje wakajifunza kutafuta mzigo kwingine.

Msimu huo huo kulikuwa na hoja nyingine, iliyopata kelele kidogo ingawa uzito wake haukuwa mdogo. Korosho ghafi zinazotoka nje hutozwa ushuru wa asilimia 15 ya thamani yake au dola 160 kwa tani, kinachozidi, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ikirudi kwenye maendeleo ya zao. Mwaka 2018 sheria ilibadilishwa ziende Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa Kusini walipinga bila mafanikio. Ushuru wa namna hiyo una mantiki ukilipia utafiti, salfa na ubanguaji, kwa kuwa unamwambia mnunuzi abangue hapa na unampa mbanguaji nafasi ya kujifunza. Ukienda kwingine unabaki kodi juu ya mkulima, maana mnunuzi huutoa kwenye bei anayomlipa.

Gesi ya Mnazi Bay ilikuja juu ya kumbukumbu hizo zote. Iligunduliwa mwaka 1982, ikakaa chini kwa zaidi ya miaka ishirini, kisha ikaanza kuwasha umeme wa Mtwara na Lindi. Serikali ilipoamua kujenga bomba la kuipeleka Dar es Salaam, watu wa Mtwara waliandamana Desemba 2012 wakisema gesi haitoki, na Januari na Mei 2013 maandamano yakageuka ghasia, nyumba zikachomwa na watu wakafa. Waliambiwa kwamba gesi ni ya taifa, na kwa katiba na kwa haki ni kweli. Mikoa iliyolisha wengine kwa pamba na kahawa nayo haikudai ziishie kwao. Hata hivyo mtu aliyekwisha kuona karanga, reli na viwanda 12 alikuwa na sababu ya kuuliza bomba lingemwachia kazi gani. Bomba la kilometa 542 kutoka Madimba lilizinduliwa Oktoba 2015, na mwezi huo huo kiwanda cha saruji cha Dangote kikafunguliwa nje ya mji, kikiwa na uwezo wa tani milioni tatu kwa mwaka. Cha pili ndicho kilichobadilisha mji zaidi. Saruji hutoka kwa lori, lori hutaka mzigo wa kurudi, na lori hizo zikaanza kuteremsha makaa ya mawe ya Ngaka kutoka Mbinga, kwa barabara ya Songea, Tunduru na Masasi ambayo sasa ni lami. Kuanzia kiasi cha 2021 makaa hayo yakawa shehena ya bandari, na mwaka uliofuata vita vya Ukraine vikapandisha bei.

Hii inanirudisha kwenye gati. Gati la zamani lina mita 385, na jipya la mita 300 liliongezwa kuanzia 2017. Kila msimu wa korosho huja malalamiko yale yale: makasha matupu hayapo. Meli ya makasha haiji Mtwara kuchukua bila kuleta, kwa kuwa safari tupu hulipwa na yule anayesafirisha korosho, naye huikata bei kwa mkulima wa Tandahimba. Ndiyo maana kwa miaka mingi korosho zilipakiwa malori zikapelekwa Dar es Salaam, kilometa zaidi ya 550, huku bandari ya kina ikiwa wazi mbele ya maghala. Amri ya kwamba mzigo wote wa Kusini upite Mtwara imetolewa zaidi ya mara moja. Amri inaweza kuleta mzigo kwenye gati, haiwezi kuleta makasha. Jahazi la Mikindani lilikuja na nguo na kurudi na ufuta, ndipo safari ikalipa pande zote. Mpango wa Ukanda wa Maendeleo wa Mtwara, uliotiwa sahihi Lilongwe Desemba 2004 na Tanzania, Malawi, Msumbiji na Zambia, uliona jambo hilo: bandari hii inahitaji watu wa ndani wanaonunua, wa Songea, wa Lilongwe, wa Cabo Delgado. Daraja la Umoja lilifunguliwa Mtambaswala mwaka 2010, ingawa ng'ambo yake barabara ilibaki mbaya. Kwenye mdomo wa mto, kivuko cha Kilambo kilikuwa na soko lililokua mpaka mashambulizi ya waasi wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, yalipovuka kuingia Kitaya Oktoba 2020 na kuifikia Palma Machi 2021. Mlango wa kale kuliko yote ulifungwa tena kwa risasi.

Katika miaka ya karibuni shehena moja ya kuingia imeanza kuonekana kwa wingi pale gatini kati ya Aprili na Julai, kabla mikorosho haijatoa maua. Ni magunia ya salfa kwa ajili ya wakulima, unga ule ule uliofanyiwa majaribio Naliendele, yakishushwa Mtwara na kupakiwa malori ya Newala, Tandahimba na Nanyumbu, ambayo msimu mwingine wa mwaka hushuka na korosho.